Wavu wa mwani hupimwa kwa chakula, si kwa lita

Mhariri,

Tunaomba nafasi tumjibu msomaji aliyeuliza katika ukurasa huu wa barua afanyeje na tangi lake la maji ya chumvi la lita 400. Kioo chake hugeuka kijani kila baada ya siku chache, mawe yameota manyoya, na samaki wake, kangaja watatu na vitatange wanne, hupewa kila siku vijiko viwili vya chai vya kamba aliyesagwa. Msomaji mwenzake alimshauri ajitengenezee kichujio cha mwani: wavu uliosimama wima, maji yanauteremkia huku na huku, taa zinaumulika, mwani unaota hapo badala ya kuota ndani ya tangi, kisha unavunwa na kutupwa. Ushauri huo hauna kasoro. Kasoro iko kwenye kipimo. Aliambiwa akate wavu kwa kufuata ukubwa wa tangi, takriban sentimita za mraba 1.7 kwa kila lita. Kanuni hiyo ni ya zamani, bado inazunguka kila mahali, na ndiyo inayowafanya watu waseme kichujio hiki hakifanyi kazi.

Maji hayazalishi uchafu. Uchafu unaingia na chakula. Nyama ya kamba ina protini karibu asilimia 20, na protini ina naitrojeni karibu asilimia 16. Gramu moja ya kamba basi inaingiza miligramu 32 za naitrojeni. Samaki huitoa sehemu kubwa kama amonia kupitia mashavu, bakteria wa kwenye mawe wanaigeuza naitraiti kisha naitreti, na ikifika hapo, kama mawe na mchanga havina kina cha kutosha kwa bakteria wanaoimalizia, inakaa tu. Miligramu 32 za naitrojeni ni miligramu 142 za naitreti. Vijiko viwili vya chai ni kama gramu 10. Katika lita 400, hiyo ni nyongeza ya takriban miligramu 3.5 kwa lita kila siku, zaidi ya 100 kwa mwezi ikiwa hakuna kinachoitoa. Anayebadilisha asilimia 20 ya maji kila mwezi anatoa moja ya tano ya kilichopo, na sehemu hiyo inarudi ndani ya wiki moja.

Mwani unakula amonia kwanza, kabla haijafika kuwa naitreti, na unachukua fosfeti, kirutubisho kingine kinachoulisha, pamoja nayo. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani wanaujua upande wa pili wa hesabu hii: kila gunia linalotoka baharini limebeba kitu kilichokuwa ndani ya maji. Huo ndio ujanja wote. Walter Adey wa taasisi ya Smithsonian, Marekani, alipata hataza ya mashine ya namna hii mwaka 1982; yake ilikuwa sinia lililolala lenye ndoo inayopinduka na kufanya wimbi, na akwariamu kubwa ya Townsville, Australia, ilianza kazi mwaka 1987 ikitegemea mfumo huo. Wavu wa kusimama ulikuja baadaye kwa sababu ni rahisi kuutengeneza nyumbani na unamulikwa pande zote mbili.

Kanuni inayotumika sasa ni sentimita za mraba 77 za wavu (upande mmoja ndio unaopimwa, ingawa zinamulikwa zote mbili) kwa kila kipande kimoja kwa siku cha chakula kilichogandishwa cha dukani. Hapa ndipo watu wa pwani wanapokosea hata wakiwa na kanuni sahihi. Kipande hicho kina gramu tatu na kitu, lakini kimejaa maji. Protini yake ni karibu sawa na ya gramu moja tu ya kamba wa sokoni. Kwa hiyo gramu moja ya kamba ihesabiwe kama kipande kizima. Chakula kikavu cha kopo ni kizito zaidi: gramu 0.4 inatosha kuitwa kipande. Nunua mizani ndogo ya jikoni inayosoma sehemu za gramu, pima unachotupia samaki kwa siku saba, ugawe kwa saba. Wengi wanashtuka.

Isitoshe, 77 ni kipimo cha tangi lenye mawe mengi, bakteria wazima na mkono mzuri wa kubadilisha maji. Sisi tunashauri 150 kwa kila gramu ya kamba. Sababu ni hesabu tu. Ili kutoa naitrojeni ya gramu 2 za kamba kwa siku inabidi uvune karibu gramu 9 hadi 15 za mwani mkavu kwa wiki, na wavu mdogo hauwezi kuotesha kiasi hicho hata ukiumulika vipi. Wavu mkubwa kuliko inavyohitajika unapunguzwa kwa kupunguza saa za taa. Mdogo hauna dawa.

Tuchukue mfano wa tangi linalolishwa gramu 2 kwa siku. Wavu ni sentimita 300 za mraba: upana 20, urefu wa kushuka 15. Usipindue vipimo hivyo ukaufanya mwembamba na mrefu ili kuokoa pampu. Maji yakishuka umbali mrefu hujikusanya katikati na kingo zinakauka.

Wavu wenyewe uwe plastiki ngumu yenye matundu, ile kanvasi ya kudarizia kwa uzi wa sufi yenye matundu saba kwa inchi. Usiutumie ukiwa laini kama ulivyotoka dukani. Ukwaruze pande zote kwa meno ya msumeno mpaka ukipitisha kiganja unachoma kama dungusi. Kazi hii inachukua nusu saa na inachosha, na ndiyo inayorukwa mara nyingi. Mwani ulioota kwenye plastiki laini unabomoka wote mara moja katikati ya wiki na kuingia kwenye pampu. Usitumie wavu wa waya wa zinki wala chochote chenye shaba, maana shaba inaua kamba, kaa na matumbawe kwa kiasi kidogo mno. Na tafadhali, asitokee mtu akakata chandarua. Vyandarua vingi vimetiwa dawa ya mbu, na dawa hiyo inaua samaki na kila chenye gamba.

Bomba linalolala juu ya wavu na kuumwagia maji ni PVC ya milimita 25. Ufa unaotoa maji unakatwa kwa urefu wa wavu na kuzidi milimita 3 kila upande, na upana wake milimita 3. Mstari ulionyooka kwenye kitu cha mviringo una ujanja wake: laza bomba kwenye kona ya fremu ya mlango, fremu yenyewe ndiyo rula. Grainda yenye diski nyembamba ya milimita moja inakata vizuri ukipita mara mbili au tatu bila kukandamiza; ukikandamiza PVC inayeyuka na ufa unaziba nyuma yako. Msumeno wa chuma pia unafaa kwa mwenye subira. Malizia kwa msasa hadi ukingo uwe laini kabisa, kwani kipele kimoja kinachepusha maji na kuacha mstari mkavu chini yake. Ziba mwisho mmoja wa bomba kwa kifuniko, upande wa pili weka elbo na yunioni (kiungo cha kufungulia kwa mkono) ili ulifungue bila kukata. Sehemu hii usiigundishe. Bomba la ufa lazima litoke kila wiki.

Wavu unapenya ndani ya ufa kama nusu sentimita, na unashikwa na vifungo vya plastiki vya nyaya vilivyozungushwa juu ya bomba, vinne vinatosha. Ukiuacha uning'inie chini ya ufa bila kupenya, maji yatashuka upande mmoja tu.

Pampu. Kila sentimita ya upana inataka takriban lita 52 kwa saa, kwa hiyo sentimita 20 zinataka lita 1,040. Hizo ni lita zinazofika kwenye wavu, si zile zilizoandikwa kwenye boksi. Pampu iliyoandikwa lita 2,000 ikipandisha maji mita moja inaweza kubaki na nusu. Usikisie: kinga maji yanayotoka kwenye ufa kwa ndoo ya lita 10. Ikijaa ndani ya sekunde 35 uko sawa, ikizidi 45 tafuta pampu nyingine. Kama tangi lako lina tangi la chini, na maji yanashuka yenyewe kwa bomba la kufurikia, yapitishe hayo hayo kwenye wavu na uokoe umeme wa pampu ya pili, ila weka tii yenye koki ya kupunguzia, kwa sababu mtiririko ukizidi unapiga makelele na kurusha matone kwenye taa.

Matone kwenye taa tusiyapite haraka. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri mno, na chumvi inatambaa juu ya waya hata pasipo tone. Saketi nzima ya tangi iwe nyuma ya kikata umeme cha miliampea 30, kile kinachokata umeme unapovuja (RCD). Kila waya ushuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili tone lidondoke sakafuni lisifuate waya hadi ndani. Kati ya taa na wavu weka kipande cha kioo au akriliki. Asiye na kikata umeme hicho asubiri hadi awe nacho, samaki hawana haraka.

Mwanga ni LED nyeupe ya joto, ile ya kelvini 2,700 hadi 3,000, au ikipatikana, taa nyekundu ya kuoteshea mimea ya nanomita 660. Nyeupe kali ya ubuluu inayopendeza juu ya matumbawe haifai sana hapa. Hesabu wati 12 kwa gramu moja ya kamba, nusu kila upande: mfano wetu una wati 24, kumi na mbili mbele na kumi na mbili nyuma, umbali wa sentimita 7 hadi 10 kutoka kwenye wavu. Funika bomba lenyewe kwa kipande cha plastiki nyeusi au nusu ya bomba kubwa zaidi lililopasuliwa. Bila kivuli hicho mwani unapanda hadi ndani ya ufa na kuuziba, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya wavu kukauka upande mmoja.

Washa usiku. Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 6 mchana ni saa 18, na zinatosha. Mchana tangi lina taa zake na mimea yake, pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imeongezeka) inapanda. Usiku kila kiumbe kinapumua, hewa ukaa inaongezeka na pH inashuka. Wavu unaofanya kazi usiku unaifyonza hewa hiyo na kutoa oksijeni wakati samaki wanaihitaji. Wiki tatu za mwanzo, hata hivyo, usizidishe saa 10. LED kali juu ya wavu mtupu inaunguza chipukizi.

Kuhusu mbegu, hakuna cha kununua. Vijimbegu vya mwani vimo ndani ya maji yako tayari, ndivyo vinavyokukera kwenye kioo. Mtu akitaka kuharakisha asugue wavu kwa manyoya ya kijani ya kwenye mawe ya tangi hilo hilo. Mwani unaolimwa Unguja na Pemba haufai kwa kazi hii, haushiki wavu namna hiyo. Na maji ya bahari kwa anayeyachota mwenyewe yachotwe maji yakiwa yamejaa, mbali na bandari na midomo ya mito, na kamwe si baada ya mvua za masika. Aliyeko Dar es Salaam akachota karibu na mdomo wa Msimbazi anajiletea fosfeti kwa ndoo.

Wiki ya kwanza na ya pili wavu utakuwa na utando wa kahawia unaoteleza. Ni kawaida, ufute kwa kidole kidogo tu na uendelee. Kijani cha nywele kikianza kuonekana, mara nyingi kati ya wiki ya tatu na ya tano, mashine imeshika. Rangi zingine zina maana zake. Weusi kama lami maana yake chakula ni kingi kuliko mwanga: ongeza saa, au vuna kila siku tano. Umanjano unaonata kama mpira maana yake mwanga umezidi chakula, au maji ni machache, au madini ya chuma yamekwisha. Anza kwa kupunguza saa za taa, kwa sababu hazigharimu kitu. Madoa meupe ni mahali palipokauka. Usiangalie taa, angalia ufa.

Sasa kuvuna, ambako ndiko kazi ilipo. Kila siku saba, hata kama wavu haujajaa. Mwani ukifika unene wa sentimita 2 au 3, mizizi haipati mwanga, inakufa, inaachia, na kila ulichokusanya kinarudi tangini kwa pamoja. Chomoa yunioni, beba bomba na wavu hadi kwenye sinki, kwangua kwa kucha au kadi ya plastiki. Usiufanye mweupe, ubaki na kivuli cha kijani kinachoshika, kinaanza kuota upya siku hiyo hiyo. Kisha suuza kwa maji ya bomba. Si usafi tu: humo ndani wamo wadudu wadogo kama kamba waliojenga na kuzaana, nao wanaula mwani kwenye mizizi, na maji matamu yanawaua. Pitisha brashi ndefu ndani ya ufa. Kamua ulichovuna, kipime, kiandike. Gramu 100 mbichi kwa wiki kwa mfano wetu ni mavuno mazuri. Wiki mbili mfululizo yakishuka chini ya nusu, kuna kitu: pampu imeziba, taa imechakaa, au kweli maji yamekuwa masafi. Kwangua nje ya tangi siku zote, maana juisi ya mwani uliopasuka inayafanya maji kuwa ya njano. Yakiwa yameshakuwa hivyo, mkaa amilifu, ule maalumu wa kuchujia maji, unayasafisha kwa siku chache. Mkaa wa jikoni hauwezi, unaongeza majivu.

Wenye haraka watavunjika moyo. Mawe ya tangi chafu yamefyonza fosfeti kwa miezi, na maji yakisafika yanaanza kuirudisha. Kwa hiyo manyoya ya kwenye mawe yanaweza kukaa mwezi mzima au miwili huku vipimo vya maji vikisoma vizuri. Mashine ya povu, ile inayotoa uchafu kwa mapovu, kama unayo iache iendelee, na ratiba ya kubadilisha maji isiguswe hadi naitreti ishuke chini ya miligramu 10 kwa lita na kukaa hapo. Mwenye matumbawe asifurahie sifuri pia. Naitreti miligramu 5 na fosfeti miligramu 0.05 kwa lita zinatosha, chini sana ya hapo matumbawe yanaweza kupauka, na ndipo unapopunguza saa za taa za wavu.

Umeme ukikatika, mambo mawili. Maji yote yaliyokuwa njiani yanateremka: tangi la juu la mita 1 kwa sentimita 40 likishuka sentimita 3 linaachia lita 12, nazo ziwe na pa kukaa katika tangi la chini bila kumwagika. Zima pampu kwa makusudi mara moja ukiwa umesimama hapo, utaona. La pili, wavu ukikauka kabisa unaanza upya. Kukatika kukiwa kurefu, uvue na kuulaza ndani ya maji ya tangi la chini. Na kwa kuwa maji yanayotiririka hewani yanakauka haraka, hasa Dar na Mombasa kwenye joto la Januari, jazia kila siku kwa maji matamu yaliyochujwa, si ya bahari. Chumvi haigeuki mvuke pamoja na maji. Uzito wa maji wa 1.025 (ukilinganishwa na maji matamu) ukiachwa siku kumi hautakuwa 1.025 tena.

Turudi kwa aliyeuliza. Kwa lita zake 400 aliambiwa sentimita za mraba 680. Kwa gramu 10 za kamba anahitaji 1,500: upana 50, kimo 30, lita 2,600 kwa saa, wati 120 kwa saa 18. Ni mashine kubwa, na bili yake ya umeme itakuwa hivyo hivyo. Lakini kangaja ni mla mwani. Wiki ya sita au ya saba, wavu ukishakuwa wa kijani cha nywele, awape kangaja wale watatu fungu la walichovuniwa, lifungwe kwenye jiwe dogo lisielee, na kamba apunguzwe hadi kijiko kimoja. Chakula hicho hakiingizi kitu kipya tangini, kimetoka humo humo. Hapo atahitaji 750 tu: upana 30, kimo 25, pampu inayofikisha lita 1,560 kwa saa, wati 30 kila upande. Aanze na huo, na kamba apunguzwe polepole tangu wiki hii, asisubiri wavu uote.

Wafugaji wa samaki wa mapambo,
Mombasa